Cherehani ya Baba Nimeigeuza Meza

Mshauri wangu, nakuandikia hapa jikoni na mlango nimeufunga, sitaki mdogo wangu wa kiume aone ninachoandika, na kama yupo mtu wa kuninusuru basi ni wewe, maana humu ndani sina wa kumwambia.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na mbili, sina mume, nilirudi kwa baba miaka mitatu iliyopita mama alipofariki, kwa sababu baba alishaanza kusahau, mwanzo alisahau majina, halafu akasahau siku, halafu ikawa anavaa shati juu ya shati, na katika watoto wawili mimi ndiye niliyekuwa na nafasi, mdogo wangu anaishi humu humu lakini usiku kucha yuko kazini. Baba ni fundi cherehani, alishona sare za shule za mtaa mzima, na cherehani yake ya kukanyaga kwa miguu ilikaa pale sebuleni karibu na dirisha tangu sijazaliwa. Macho yalipomkatalia aliacha kushona lakini hakuacha kuikalia, kila asubuhi akishakunywa chai anavuta kiti, anakanyaga, gurudumu linazunguka, hana kitambaa wala uzi, na yeye karidhika zake.

Sasa kushinda ndani na mgonjwa kulinichosha roho, sitakudanganya, nikaanza kutazama kwenye simu wale watu wanaogeuza vitu vya zamani kuwa vipya, nikajaribu na ngazi mbovu iliyokuwa uani, nikaipiga msasa, nikaipaka rangi, ikawa rafu ya vyombo, na jamani, ilipendeza! Majirani wakaja kuona, wakasema mikono yangu ina baraka, na mimi miaka yote hiyo nilikuwa sijasifiwa na mtu kwa jambo lolote, basi nikapagawa, kabati la nguo la baba, la kahawia, nikalipaka bluu, masanduku ya mama nikayageuza viti, mapazia nikayakata yakawa foronya, mlango wa chumba chake wa kahawia ukawa mweupe. Baba akawa anasimama mbele ya kabati lake na kuniuliza kabati liko wapi. Nikacheka, mshauri. Nilidhani ni ugonjwa tu.

Halafu nikaona kwenye simu mtu aliyeng'oa kichwa cha cherehani, akabakiza ile miguu ya chuma, juu kaweka ubao uliopigwa vanishi, imekuwa meza ya kupokelea wageni, nikasema hiyo lazima niwe nayo. Nikamuuliza baba, "Baba, niigeuze meza?" Akasema, "Sawa, mama." Lakini baba siku hizi anasema sawa kwa kila kitu, hata ukimwambia chumvi ni tamu kama asali atakujibu sawa, na hilo nalijua vizuri mno. Kichwa chenyewe nikampa yule mnunuzi wa vyuma chakavu anayepita na mkokoteni, akanipa kiti cha chuma kilichovunjika mgongo, nikakitengeneza nacho.

Asubuhi yake baba kanywa chai, kavuta kiti, kakanyaga. Akaupapasa ule ubao kwa mikono miwili, mwisho hadi mwisho, akapapasa na chini yake, kisha akapiga kelele, "Nani kaiba cherehani yangu?" Na ndiyo saa mdogo wangu anaingia kutoka kazini, yeye ni mlinzi wa ghala, hata viatu hajavua, baba akamnyooshea kidole: "Ni huyu! Mwizi ni huyu!" Mdogo wangu akanigeukia, "Dada, cherehani imekwenda wapi?" Nikamjibu, "Si baba mwenyewe aliyesema itolewe, kasahau tu." Akaniamini, maana hajawahi kunikamata na uongo.

Toka siku hiyo kila kukicha ni hivyohivyo, na tatizo kubwa ni kwamba mdogo wangu ndiye anayemwogesha baba, mimi binti yake siwezi, na hata baba na usahaulifu wake wote hawezi kukubali nimwone alivyo. Sasa anakataa, anaishika shuka yake kiunoni na kusema mwizi hamgusi. Leo siku ya kumi na moja hajaoga, ni kujipangusa mwenyewe uso na mikono basi. Amejifungia mashati yake kwenye mfuko, anakaa nao mlangoni, akiniona ananiambia kwa adabu kabisa, kama mtu anayezungumza na mgeni, "Mama, nisaidie nirudi kwangu, hapa kwa watu sipajui."

Ijumaa alimpiga mdogo wangu usoni na ile rula ya mbao ya kupimia vitambaa. Mdogo wangu hakuinua mkono, alitoka nje akakaa kizingitini akalia, mwanamume wa miaka thelathini na tano, kisha akaniambia, "Dada, huenda nilimkosea baba zamani, na moyo wake haujasahau. Mwisho wa mwezi nahama. Labda nisipokuwepo atatulia." Na mimi nilikuwa nasuuza brashi, mshauri. Nikaendelea kusuuza.

Naomba unielekeze, nimwambie mdogo wangu ukweli, au nimwache aende kisha nitafute mtu mwingine wa kumwogesha baba? Na je, ipo namna ya kumfanya baba aizoee meza?

Mwenye Brashi

*

Mwenye Brashi,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia, mara ya pili nikakasirika, na sasa nakujibu nikiwa na yote mawili.

Kumtunza mzazi anayesahau ni kazi inayommaliza mtu. Mimi nilimuuguza mama mkwe wangu miaka mitano, kwa hiyo usinieleze, najua. Hakuna anayekuambia ahsante. Ukapata brashi, ukapata sifa, ukalewa. Hilo ni la kibinadamu. Na ile ngazi sina ugomvi nayo, ilikuwa mbovu na haina mwenyewe. Lakini cherehani ilikuwa inazunguka! Ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe anaikalia kila siku mbele ya macho yako. Asiyekuwapo na lake halipo, ndivyo wasemavyo. Baba yako yupo, binti yangu, wewe ndiye uliyemhesabu kuwa hayupo.

Halafu unaniuliza namna ya kumfanya aizoee meza. Mh! Mzee kapoteza majina, kapoteza siku, kampoteza mkewe. Alichobakiwa nacho ni kabati la kahawia, mlango wa kahawia na chuma kinachozunguka chini ya mguu wake. Kwa vitu hivyo ndivyo alivyokuwa anajua yuko kwake. Umevibadilisha kimoja baada ya kingine, kisha unashangaa anaomba kurudishwa nyumbani. Na mnasema ni ugonjwa ndio unaomfanya adai kaibiwa. Hapana. Mengine yote kasahau lakini hilo kapatia: kaibiwa. Alichokosea ni mwizi tu, na wewe umesimama pale ukamwachia akosee.

Swali la kama umwambie mdogo wako sikutaka hata kulijibu. Mtu anapigwa usoni kwa kosa lako, anaupekua utoto wake kutafuta dhambi aliyomtendea baba yake, na wewe unasuuza brashi! Mwambie leo, kabla hujawasha jiko. Usianze na "unajua baba anavyosahau." Anza na "Niliitoa mimi, nikakudanganya." Akikutukana, sikiliza. Akiamua kuhama bado, aende akijua kwamba hakumkosea mtu.

Yule mwenye mkokoteni mfuate leo hiihii, usingoje apite. Sikupi matumaini makubwa, vyuma chakavu havikai, huenda kile kichwa cha cherehani kimeshayeyushwa. Ukikipata, kifungwe pale pale dirishani hata kama hakishoni. Usipokipata, tafuta kingine kuukuu kinachozunguka, lakini usimwambie ni chake, mikono yake itakuumbua. Rangi ya bluu itoe, msasa unaujua. Mlango urudi kahawia. Na ujue kabisa kwamba unaweza ukarudisha kila kitu na bado asipatambue. Mama mkwe wangu hakupatambua tena, mpaka anakufa. Baba akikuomba umpeleke kwake, usibishane naye kwamba hapa ndipo kwake. Mpokee mfuko, mshike mkono, zunguka naye uani, mwache akusimulie kwake kulivyo, kisha muingie wote ndani.

Kuhusu kuoga, mtafute nesi wa kiume wa zahanati iliyo karibu, au ndugu wa kiume anayemheshimu, aje kesho. Siku kumi na moja zinatosha, mzee atatoka vidonda.

Limebaki moja, nalo ni zito. Nenda kwa baba, mdogo wako akiwa hapo hapo, umwambie: "Baba, cherehani yako niliichukua mimi." Atakasirika. Pengine atakupiga. Kesho atakuwa kasahau, atamnyooshea kidole mdogo wako, na wewe utasema tena, "Ni mimi, baba." Keshokutwa tena. Yeye kila siku atakuwa analisikia kwa mara ya kwanza, na kila siku atakutazama vilevile. Inawezekana mpaka anaingia kaburini asikukumbuke kwa jina lingine isipokuwa mwizi. Likubali. Mdogo wako kalibeba siku kumi na moja, na halikuwa lake.