Kifuniko cha Mbuni Mbichi

Kitendaguro, Bukoba

Munywani wangu Kamugisha,

Nimekukasirikia. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitalia, na karatasi yenyewe nimeipata kwa shida. Dukani hakuna karatasi, hakuna sabuni, sukari ndiyo usiulize. Kwa hiyo unisikilize kwanza, salamu zitafuata.

Kerezo lako liko kwangu. Ma Josefina, mkeo, alilileta mwenyewe kwa lori la kahawa kutoka Kagoma baada ya matanga. Mwenyekiti wa kijiji alitaka liwe mali ya ujamaa, vijana wakereze miguu ya viti vya ofisi. Mkeo akamwambia, "Hii ni cherehani yangu." Na kweli, si ndiyo miguu ya cherehani yake iliyokufa, uliyoifungia gurudumu na mhimili wa kuzungusha mti? Mwenyekiti akainama, akaiona pedali, akaenda zake. Ungekuwepo ungecheka mpaka ukohoe.

Kukohoa. Nitarudi hapo.

Nimeliweka kwenye banda nililojenga nyuma ya jiko. Jiko lenyewe halina moto wa maana tangu mama watoto afariki, unajua. Watoto, mmoja yuko Mwanza, mwingine Dodoma, na barua zao ni za Krismasi. Jioni nikitoka ofisini navua koti la ukarani, nakanyaga pedali. Mti unazunguka, patasi inalia, vumbi linanijaa puani, nafurahi. Kisha nasimamisha mguu na nyumba nzima inanyamaza. Hapo ndipo upweke unaponishika, maana hapo ndipo ulipokuwa unaanza kunifokea.

Ulinifokea sana, Kamugisha, na kwa jambo lile lile: mti mbichi. Unakumbuka kikombe changu cha kwanza, cha mparachichi? Mti ulikatwa Ijumaa, mimi nikaukereza Jumamosi, maji yananirukia usoni. Jumamosi iliyofuata kikombe kimepinda mdomo kama mtu aliyetoka kung'olewa jino. Ukakijaza rubisi, pombe yetu ya ndizi, ukanilazimisha ninywe humo mbele ya mkeo, nusu mdomoni, nusu kwenye shati langu la kanisani. "Mti ukae mwaka mzima, waitu! Unakimbilia wapi?" Hata msasa ulipoadimika madukani hukuhangaika. Ulinipeleka kichakani tukachuma majani ya mti wa msasa, tukayakausha, tukasugulia. Mtu mzima mimi, sikuwa najua kwamba msasa wa dukani ulipewa jina la mti.

Kisha mvua za masika zikaangusha ule mbuni mnene, mti wa kahawa alioupanda baba yako. Ukalikata shina vipande viwili. "Kimoja chako, kimoja changu. Masika ijayo tutakereza." Ukanisindikiza mpaka barabarani kungoja basi, ukasimama mara mbili njiani kupumua, ukasema ni kikohozi cha mvua. Nikakuamini. Kiangazi kilipoanza ulikuwa umeshazikwa katikati ya migomba yako.

Pamoja na kerezo mkeo alileta kikopo alichokikuta chini ya meza yako ya kazi. Kikopo cha mbuni, cha kuwekea kahawa ya kutafuna wanayopewa wageni, kizuri mno. Hakikuwa na kifuniko. Akaniomba nikitengeneze kabla ya misa ya kukuombea. Mbuni niliokuwa nao ni kile kipande ulichonipa tu. Nikikiharibu, basi, hakuna kingine.

Nikafanya nini? Nikakikereza kibichi! Sikuwa na mwaka wa kungoja. Kifuniko kikaingia, kikakaa sawasawa, nikajipigia makofi peke yangu bandani kama mwendawazimu. Nikaviweka vyote viwili rafuni. Wiki moja kabla ya misa nikavishusha. Kifuniko hakiingii. Kimekuwa yai. Mawe, mama yangu! Nilikaa chini kwenye vumbi la mbao, nikalia. Nilikuwa nimeharibu kitu cha mwisho tulichogawana, kwa kosa lile lile, na hapakuwa na wa kunimwagia rubisi.

Siku zote nilidhani kikopo chako umekitoa kwenye gogo kavu la zamani, kwa kuwa wewe hukukereza kibichi hata siku moja. Basi nikachukua bikari nikapima mdomo wake, huku na huku. Nacho ni yai. Nikakisogeza mlangoni kwenye mwanga, nikaona ukingoni kifundo cheusi kilichokatwa katikati. Nusu yake ya pili iko kwenye kifuniko changu. Shina lile lile. Uliukereza mbuni wa baba yako ungali unatoa maji.

Wewe, wa mwaka mzima. Wewe!

Nikashika kifuniko, nikakizungusha polepole juu ya kikopo mpaka zile nusu mbili za kifundo zikakutana. Kikazama chenyewe. Kinaingia hapo tu, kwingine kote kinagoma.

Siku ya misa nikamwuliza mkeo. Akasema daktari alikuambia kabla ya masika kwamba hutamaliza mwaka. Akasema ulikereza ukiwa umekaa kwenye kiti, na alipokukumbusha habari ya kungoja, ulimjibu, "Mwaka ni wa munywani wangu."

Ndiyo maana nimekasirika. Tulipokuwa vijana tulinywana, tukawa ndugu wa kuchanjiana: punje mbili za kahawa kutoka tunda moja, zimepakwa damu yetu, wewe moja, mimi moja. Katekista akatuchapa na hatukujuta. Tuliapa kutofichana, si aibu, si ugonjwa. Nawe ukasimama barabarani ukaniambia kikohozi cha mvua! Ningeomba likizo. Ningekuja Kagoma nikukanyagie pedali, wewe ushike patasi tu. Ulininyima hilo, Kamugisha, na linaniuma.

Haya, nimesema. Karatasi nayo inaisha. Wageni walitafuna kahawa kutoka kikopo chako. Kila aliyetaka kukifunga alishindwa, wakawa wananiita mimi.

Pumzika, ndugu yangu. Salamu nilizokunyima mwanzoni ndizo hizi. Kipande changu kimebaki kiasi cha mpini wa patasi, na mpini wa patasi yako umelegea. Nimekiweka juu darini, nimekiandika tarehe ya leo kwa penseli. Nakuahidi sitakigusa mpaka mwaka utimie. Sina ninapokimbilia. Muda ninao mwingi, wangu na ule ulioniachia.

Munywani wako,
Felisiani