Kompyuta Haijafa, Kaka

Kaka,

Usiingie sebuleni peku. Vioo vya skrini vimetapakaa mpaka chini ya kochi. Damu iliyo mlangoni ni yangu. Samahani kwa mwandiko, naandika kwa mkono wa kushoto.

Video ya harusi uliyokuwa unaihariri ipo, haikufutika hata kidogo. Asubuhi niliweka draiva mpya, ile programu inayoendesha picha za skrini, ili kazi yako iende haraka. Ikagombana na mfumo, skrini ikawa nyeusi tii. Nikakuambia, "Kaka, nipe dakika chache, mashine yenyewe inafanya kazi, ni picha tu haitoki." Ukasema, "Msomi mzima, umeniua!" Ukashika nyundo. Pigo la kwanza likaenda kwenye skrini. La pili likaupata mkono wangu, maana nilikuwa nimelikumbatia boksi la kompyuta, lenye diski ya video yako. Boksi ni zima.

Sasa lichomeke kwenye televisheni. Liwashe huku umeshikilia kitufe cha Shift. Ikitokea orodha, shuka mstari wa pili, halafu chagua toleo la zamani la mfumo. Picha itarudi. Ikichelewa, usilipige, tafadhali.

Chai iko kwenye chupa.

Nimekwenda hospitali, vidole havikunjiki. ~~Nitawaambia niliteleza bafuni.~~ Safari ile nilisema niliteleza, nikidhani nakusaidia. Leo nitasema ukweli. Ila foleni huwa ndefu, kaka. Ukiwahi kufika kabla sijaitwa, simulia wewe mwenyewe. Mimi sitaongeza neno.

Mdogo wako