Kucha za Mkono wa Kushoto

Turwa, Jumanne

Leo nimemkaripia nesi Robi mpaka akanywea, wodi nzima ya mahututi ikajua mzee wa Kikurya amefika.

Uongo. Aliyenywea ni mimi.

Nilikuwa nimepeana mikono na wazee wote pale nje, nikaenda moja kwa moja kumshika mke wangu Boke. Robi akasimama mlangoni.

"Shikamoo babu. Nawa kwanza."

"Marahaba. Nakuzidi rika, halafu unaniamuru?"

"Humu hakuna rika, babu. Asiyenawa anarudishwa na yeyote. Tumekubaliana wote."

Na kweli, mama wa usafi alimrudisha daktari kwenye bomba nikiona. Akaenda kimya kama ndama.

Nikanawa. Robi akakagua kucha zangu. "Mkono wa kulia uingie. Huu wa kushoto umebeba shamba zima. Lete niukate kucha."

Nikakataa.

Boke anapumua kwa mpira wa mashine. Homa hii mpya hakuja nayo, ameipatia humu humu wodini. Daktari ameniambia wazi, macho yake chini. Sasa wananawa wote na kuchungana, lakini kama wamechelewa? Nikimkosa huyu mwanamke, nitamtania nani...

Nilimshika kwa mkono wa kulia, wa kushoto nikauficha mgongoni. Hakunibana hata kidole.

Boke, asubuhi ile ulipoanguka na wembe mkononi, ulikuwa umenikata kucha za mkono mmoja tu. Huu mwingine bado nakudai. Amka uumalize.