Sweta ya Muli Juu ya Ukuta wa Baba

Kwa mkono wa duka la Faki,
Soko la Mbumbuni,
Mbooni.
21 Mei 1979

Mpendwa shemeji Muthama,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye ukungu. Ninaomba barua hii ikukute mzima huko Mombasa, wewe na mama watoto, na wale wasichana wenu wawili ambao wakija hapa hukimbiza mbuzi mpaka mbuzi wanakataa kurudi nyumbani. Mguu wako ulioangukiwa na gunia bandarini uko namna gani? Mama huniuliza kila Jumapili tukitoka kanisani, nami humwambia umepona, ingawa wewe mwenyewe hukuniandikia neno. Kama nimemdanganya Mama, nisahihishe.

Sisi tupo. Mume wangu, ndugu yako Ndululu, bado yuko na lori la mbuzi kule Mwingi, huja mwisho wa mwezi, hula, hulala, huenda. Maharagwe yameshika vizuri. Ng'ombe amezaa ndama dume. Hayo ndiyo mazuri, nimeyaweka mbele ili usiseme shemeji yako huandika malalamiko tu. Sasa keti chini.

Barua yako ya Pasaka niliipata kwa Faki. Nilikuwa nimekuandikia kwamba ukuta ambao fundi wako Muli alitujengea unatoa maji kwa ndani, nawe ukajibu kwa herufi kubwa: UKUTA USIGUSWE NA MTU HADI NIJE DESEMBA. Niliisoma hapo hapo dukani, Kalondu mdogo akiwa mgongoni ananikoholea shingoni. Faki aliniuliza, "Mama, kuna msiba?" Nikamwambia hapana, ni ushauri kutoka pwani. Akasema, "Pole sana."

Shemeji, nakuheshimu. Wewe ndiwe mkubwa wa nyumba hii na hakuna anayesahau. Lakini wewe huja Desemba. Krismasi ikifika mvua imekatika, kuna jua, mbao zimekauka zinalia ko-ko zikigongwa. Unaugonga ukuta kwa vidole viwili kama daktari, unasema, "Huu bado mzima," unakula kuku, unaondoka. Julai ya hapa hujaionja tangu uwe kijana. Umesahau ukungu unavyoshuka kutoka msituni na kukaa siku tisa bila kuinuka? Chumvi inageuka maji kwenye kopo. Napkini za mtoto zinakaa kwenye kamba tangu Jumatatu, na Ijumaa namvalisha zikiwa bado mbichi kwa sababu hakuna nyingine. Mtu wa kuamua habari za ukuta huu anapaswa kwanza kuvaa napkini moja ya Julai.

Na huyo fundi uliyemtoa Kambu. Ungeniuliza! Mimi nimekulia Kambu, kwenye ile barabara ya Mombasa, na baba yangu Waithaka alikuwa na hoteli ya chai pale. Muli namjua tangu nikiwa na meno ya maziwa. Ni fundi wa vibanda. Alimjengea baba kibanda cha kuuzia maembe, na kweli kibanda hicho kimesimama mpaka leo, kwa sababu Kambu mvua ikinyesha watu hutoka nje kuitazama. Kumwita Muli ajenge Mbooni ni kama kumwita mchunga ngamia akufundishe kuvua samaki.

Alikuja Januari, jua likiwaka. Unakumbuka ukuta wa baba yenu: mabanzi, yale maganda ya nje ya gogo yanayobaki mashine ikipasua mbao, yamesimamishwa wima, na chini hayagusi ardhi. Marehemu aliyaanzishia juu ya mstari wa mawe, akaacha nafasi ya kifaranga kupita. Baada ya miaka ishirini machache yalikuwa yameoza, hasa pale juu ya dirisha mahali bati linavuja. Yalihitaji kubadilishwa, hilo silikatai. Muli akatazama ile nafasi ya chini, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Nani alijenga hii? Ameacha mlango wa nyoka!"

Nikamwambia, "Nyoka gani huku, Muli? Nyoka mwenye akili hawezi kuishi kwenye baridi hii. Tunaishi sisi tu."

"Wamucii, wewe ni mtoto wa hoteli. Niachie kazi."

Basi akafanya kazi. Hakung'oa hata banzi moja la zamani, kwa sababu alisema wewe ulimwambia mbao za mzee zibaki ndani kama ukumbusho. Akazifunika na karatasi ya nailoni, juu ya nailoni akapigilia mabanzi mapya aliyoyapaka oili chafu ya gari dhidi ya mchwa, na chini akayachimbia kwenye udongo, kisha akarundika udongo na majivu mpaka magotini ili upepo na vumbi visiingie. Hivyo ndivyo wanavyofanya Kambu, na kwa Kambu ni sawa. Huku kwetu vumbi tunalisikia kwenye redio. Alipomaliza akarudi nyuma hatua tatu akaniambia, "Mama, hii nyumba nimeivalisha sweta."

Nikamjibu, "Sweta juu ya shati lililolowa, Muli."

Hakunisikia. Alikuwa anatafuta mtu wa kumsifu.

Mvua ya Machi ilipoanza, ule udongo uliorundikwa ukanywa maji kama ng'ombe. Maji yakapanda ndani ya mabanzi. Nailoni ikatoa jasho. Mwezi wa nne ukuta kwa ndani ulikuwa na kuvu nyeusi kama mgongo wa sufuria, na nyumba nzima inanuka oili na uyoga, ungedhani tunaishi ndani ya injini iliyokufa. Kalondu mdogo alikuwa analala na Mama katika chumba cha upande wa upepo, kama unavyojua, kwa sababu amebeba jina lake na Mama hakubali alale pengine. Akaanza kukohoa. Nikambeba mpaka dispensari ya chini, tukalazwa siku sita. Nimonia. Muuguzi aliniuliza kama mtoto hulala nje. Ningesema nini, kwamba analala ndani ya sweta?

Tuliporudi nilimhamishia chumbani kwangu. Na sasa nakuungamia jambo, kwa sababu sitaki ulisikie kwa mtu mwingine. Upande wa chumba changu nimeubomoa.

Nilimwambia Ndululu alipokuja. Ndugu yako unamjua. Nikimwambia ukuta umeoza, anasema ndiyo. Wewe ukimwandikia ukuta ni mzima, anasema ndiyo. Nikaichukua ndiyo yangu mapema kabla yako haijafika. Alhamisi iliyofuata wakaja wanawake wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana, kumi na mmoja na majembe na mitaimbo. Tulianza kwa kuondoa ule udongo. Mmoja alipoona jinsi mabanzi yalivyozama chini akauliza, "Huyu fundi alikuwa anajenga au anazika?" Mwingine akajibu, "Anazika, ila ameacha wenyeji ndani." Tulicheka mpaka Mama akapiga kelele kutoka chumbani kwake, "Chekeni polepole, hiyo ni kazi ya mwanangu!"

Mzee Nzioka, yule anayepasua mbao msituni, ndiye aliyetupa mabanzi mapya, nasi mwethya tukamlimia shamba lake la kahawa siku mbili. Alikuja kutuonyesha namna ya kupigilia. Na hapa, Muthama, sikiliza vizuri. Tulipotoa nailoni tuliyakuta mabanzi ya baba yenu. Yote yameoza. Siyo yale ya dirishani tu. Yote, hata ya chini, ambayo Januari niliyagusa kwa mkono wangu na yalikuwa makavu kama mfupa. Nzioka akasukuma kidole ndani ya moja kikaingia mpaka kwenye pete. Akasema, "Ndugu yangu marehemu aliyajenga haya nikimshikia kamba. Yamesimama miaka ishirini yakipumua. Nani ameyaziba pua?"

Niliikunja ile nailoni nikaitupa kando.

Kwa hivyo ukumbusho wako, shemeji, miaka ishirini ya mvua haikuuweza, lakini Muli ameumaliza kwa miezi minne. Mbao za mzee nimezianika na zimepika muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, mara tatu. Zimetoa moshi kuliko moto. Za Muli sikuweza hata kuzipikia, kwa sababu ya oili. Nne nimetengenezea mlango wa choo, na hapo kweli zinafaa, hata harufu inakubaliana.

Ukuta mpya umekaa kama alivyojenga marehemu. Juu ya mawe, haugusi ardhi, banzi moja limepanda bega la jingine ili maji yateleze, na kwa chini kifaranga anapita. Jana nilimwona mmoja akipita, nikafurahi kama mtu aliyepokea mgeni. Wiki ya tatu sasa Kalondu mdogo hakohoi.

Anayekohoa ni Mama.

Chumba chake bado kimevaa sweta ya Muli, na hapo ndipo penye upepo. Nilimwomba tufungue pia upande wake, mwethya wako tayari, mabanzi ya Nzioka yameegemea pale chini ya paa la jiko. Akasema, "Mwanangu mkubwa ameandika usiguswe. Basi hautaguswa." Nikamwomba aje alale kwangu. Akaniuliza tangu lini mwenye nyumba amekuwa mgeni. Nikamleta pasta, akamnywesha chai pasta akarudi zake. Nilikasirika sana. Nilijiambia moyoni kwamba mama na mwanawe wamefanana, vichwa vyote viwili vimepigiliwa na fundi mmoja.

Kisha Jumanne asubuhi Mama akiwa shambani niliingia kufagia. Nikavuta kitanda. Nyuma ya kitanda ukuta umetoboka, tundu la kupitisha kichwa cha mbuzi, na limezibwa kwa nguo iliyokunjwa vizuri. Niliivuta. Ilikuwa leso yako. Ile ya maua mekundu uliyomletea Desemba, ambayo alisema ameiweka kwenye sanduku kwa ajili ya harusi. Ilikuwa inadondosha maji.

Alinikuta nimeishika. Nilidhani atanigombeza. Aliketi kitandani, akavuta pumzi kwa shida, akaniambia, "Mama Kalondu, irudishe pale. Na usimwandikie Muthama. Hiki ndicho kitu cha kwanza amefanyia nyumba hii tangu tumzike baba yake. Nikikibomoa, atasema mama yake hakukitaka."

Mimi nimechoka, shemeji. Nanyonyesha, nalima, nachota maji, na katikati ya hayo natunza ukuta ambao mwenyewe yuko Mombasa anapepewa na feni. Nilikuwa nimeandika barua nyingine kabla ya hii, mbaya zaidi, nikaichoma. Hii ndiyo ile yenye adabu. Mama anajua ukuta umeoza. Alijua kabla yangu. Kila siku anaukinga kwa kifua chake ili jina lako lisianguke, na kifua hicho kina miaka sitini na nane.

Sitaki utume chochote. Usitume fundi, nakuomba kwa jina la Mungu, usitume fundi. Nataka maneno machache tu kwa mkono wako, yasiyo na herufi kubwa, umwandikie Mama kwamba ni wewe unayetaka ukuta ufunguliwe. Sema umeota. Sema umeuliza mafundi wa bandari wakakushauri. Sema kazi yote hii ni shauri lako, nami nitaitikia mbele ya mwethya nzima kwamba ni shauri lako. Sifa chukua wewe, mimi niachie misumari.

Nimeweka ndani bahasha yenye stampu. Ukiiweka posta siku utakayopata hii, Mama atasomewa maneno yako kabla Juni haijaisha, na sisi wanawake tutamaliza chumba chake siku moja, kabla ukungu haujashuka.

Na kama moyo wako unakataa, basi usingoje Desemba. Njoo Julai, na wasichana wako. Kitanda kile nitakiacha pale pale kando ya ukuta, na leso nitaikausha ndiyo ujifunike.

Nisalimie mama watoto, mwambie zile mbegu za mnavu ziliota. Wasalimie wasichana, mbuzi wanawauliza. Ukikutana na Evanson, kaka yangu, pale stesheni, mwambie dada yake bado ana mdomo. Nzioka anakusalimu, anasema anakukumbuka ukiwa unashika kamba vibaya. Mama hakusalimu kwa sababu hajui kwamba nimeandika, lakini leo asubuhi alikutaja katika sala kabla ya kututaja sisi.

Mungu akulinde kazini, aukaze mguu wako, na akupe kalamu kabla ya jua kuchwa.

Ni mimi shemeji yako, ninayekupenda wewe na kuudharau ukuta wako,

Wamucii, mama Kalondu