Kadzo, Ulitununulia Filimbi

Shoga yangu Kadzo,

Damu yako haikutoka kwenye leso. Nimeifua kwa magadi, nimeiloweka kwa chumvi, nimeianika juani mpaka maua yake yamepauka, na doa bado liko palepale. Juzi niliacha. Niliikunja, nikaiweka chini kabisa ya sanduku.

Hali yako siwezi kukuuliza, kwa hivyo nitakupa yetu. Jirani yetu Bi Mwanasha anakusalimu. Bado anachota maji kwa ile pampu ndogo ya mkono uliyompachikia kwenye mtungi, maana mgongo wake haumruhusu tena kuinamisha lita ishirini. Kila akiibonyeza anakuombea rehema. Hivyo ukae ukijua, jina lako linatajwa hapa Mjambere kila mtu akiwa na kiu.

Nakumbuka Jumamosi zako. Ukishapokea ujira wako pale kwenye ghala la chai Changamwe, ulipitia soko la Kongowea kwa wale wanaotandaza bidhaa juu ya magunia, na hukurudi bila kitu. Si kitenge, si hereni. Kipande cha mpira cha kuziba chini ya mlango wangu, panya wasipite. Zulia la mpira la bafuni, kwa sababu Mzee Charo mwenye nyumba aliteleza akaumia nyonga. Taa ya sola ya ukumbini, ndogo kama sahani ya kikombe, ili watoto wasiogope kwenda chooni. Mimi ukaniletea vile vishikio vyekundu vya mpira, vya kuvika kwenye masikio ya karai, kwa sababu viganja vyangu vilikuwa makovu matupu. Nikakucheka. Nikasema mtu hodari ni yule anayenunua kiwanja. Ukanijibu bila hata kuinua uso, "Kinachonichosha mimi si umaskini, Mbodze. Ni kuungua kidole kilekile kila siku."

Kisha wakaanza hawa vijana wa mapanga. Kwanza tuliwasikia mitaa ya mbali, kwamba wanakata watu wapate simu. Baadaye wakawa wanakata tu, simu waichukue au waiache. Wiki ile ukarudi na mfuko wa filimbi za plastiki, za rangi ya chungwa, ukagawa chumba kwa chumba. Ukatufundisha pale uani kama mwalimu: ukishuku, piga fupi fupi, ukiona panga, piga moja ndefu na usiache. Mzee Charo, na uzee wake wa kanisa, alipuliza yake mpaka mashavu yakamvimba, sote tukacheka. Hatukujua tunacheka nini.

Siku yenyewe nataka nikueleze yote, kwa sababu mengine hukuyaona.

Ilikuwa jioni jua bado kali. Viazi karai vya kwanza vilikuwa vimeiva, nimetia vya pili. Katana alikuwa ameegesha mkokoteni wake wa madafu ubavuni mwa kibanda changu kama kawaida, na dafu lako alikuwa ameshalichonga, ameliweka pembeni mtu mwingine asilichukue. Nilikuona ukija kutoka barabara ya Malindi, mkoba begani, unapepesuka kwa uchovu.

Wakatokea kwenye kichochoro cha kinu cha posho. Kundi zima, wengine ndevu hazijaota. Hawakusema toa simu, hawakusema neno lolote. Mteja wangu alikatwa mgongoni kiazi kikiwa bado mdomoni. Mama mmoja alikinga uso kwa mkono, mkono ukafunguka mpaka mfupa. Walikuwa wanafyeka, Kadzo, kulia na kushoto, kama watu wanaofungua njia porini.

Wewe ulikuwa nyuma yao. Hawakukuona. Ungeingia tu kwenye ua wowote ukafunga mlango, na leo ungekuwa unanisomea hii barua kwa kunibeza mwandiko. Ukatoa filimbi ukapiga ile ndefu.

Wakageuka wote. Wa kwanza alikata mkono uliokuwa umeishika, filimbi ikaanguka pamoja na kidole chako. Ukainama kuiokota kwa mkono wa pili. Mpaka leo sijui kama ulitaka filimbi au kidole. Ndipo wa pili akakupiga kati ya shingo na bega.

Lakini ilikuwa imeshasikika. Nyumba ya kwanza ikaitikia, na ya pili, kisha mtaa mzima ukawa filimbi, huku wanaume wakitoka na marungu na mawe, na wale vijana wakavunjika wakakimbia. Katana alikubeba mikononi, akakulaza kwenye benchi langu, shati lake likalowa kifuani mpaka kiunoni. Akashika panga lake la madafu, akawafuata.

Nilivua leso nikakandamiza shingo yako. Damu ilikuwa inasukuma viganja vyangu kutoka chini, ina nguvu kama kitu kilicho hai. Bi Mwanasha akaja miguu mitupu akakushika kichwa. Tukaita tuktuk, hakuna tuktuk iliyokubali kuingia.

Wewe ndiye uliyesikia kwanza. Nyuma ya mkokoteni watu walikuwa wanapiga kitu, na kila pigo lilikuwa na mlio wa maji, na katikati yake sauti ya Katana. Katana alikuwa amewakosa wale vijana, anarudi mbio kwetu, panga mkononi, damu yako kifuani. Akakutana na umati uliotoka upande wa barabara. Watamjua vipi? Waliona mtu mwenye panga na damu.

Ukafungua macho ukasema, "Katana. Nenda."

Nikakataa. Nikakwambia siendi popote, nikiachia tu unaisha. Ukanikazia macho kwa hasira, ile hasira yako ya kuniona nimeshika karai la moto kwa gazeti. Bi Mwanasha akapenyeza mikono yake chini ya yangu, akasema, "Toa mikono, mwanangu. Mimi nimeshashika. Wallahi siachi."

Nikaenda.

Sikwenda mikono mitupu, maana maneno matupu pale yasingesikika. Nililinyanyua karai kutoka jikoni, mafuta yanachemka, viazi vimeshaungua vyeusi ndani yake, na vile vishikio vyekundu masikioni. Nilipowafikia, wakanipisha. Unajua kwa nini walinipisha? Walidhani naleta mafuta ya kummwagia Katana. Mwanamke mmoja ninayemuuzia viazi kila siku alinipigia kigelegele. Wakafungua njia kama ya bibi harusi.

Katana alikuwa amelala chali. Taya halikuwa mahali pake, na jicho moja halikuwa jicho tena. Tairi la kumchomea lilikuwa limeshaletwa, limeegemezwa kwenye mkokoteni. Mzee Charo alikuwa amemsimamia Katana na mpini wa jembe. Katana akasema, kwa mdomo ule uliovunjika, "Mzee Charo, ni mimi. Katana." Akasema mara ya pili. Mzee alikuwa anamtazama usoni, yeye anayenunua dafu kwake kila Jumapili baada ya ibada. Akainua mpini akampiga.

Nikauvuka mwili wa Katana nikawageukia. Nikawaambia huyu ni Katana wa madafu, huyu ndiye aliyembeba Kadzo, na atakayesogea nammwagia. Wengine wakarudi nyuma. Mzee Charo akainua mpini tena. Nikammwagia miguuni.

Ule ukelele bado nausikia. Ngozi ilitoka na ndala. Sikumhurumia, Kadzo, na sitakudanganya kwamba nimeanza kumhurumia. Nikabaki na karai lenye mafuta nusu, nazunguka nalo kama mbwa anayelinda mfupa, mpaka mtu mmoja nisiyemjua akachuchumaa, akapangusa uso wa Katana kwa shati lake, akasema kwa sauti, jamani, kweli ni yule wa madafu. Hapo mawe yakaanza kuanguka chini kutoka mikononi mwa watu, moja moja. Aliyeleta tairi sikumwona tena.

Nilipokurudia, Bi Mwanasha alikuwa bado amekandamiza, mikono imemkakamaa, anasoma dua. Hakuwa ameachia. Ni wewe uliyeachia.

Tulikuzika Kaloleni, karibu na baba yako. Mama yako hakulia mbele za watu. Aliniuliza tu kama uliumia muda mrefu, nikamwambia hapana.

Katana ameishi. Ana jicho moja, na taya limekaa upande, maneno yanamtoka polepole. Amerudi kwenye madafu, ila kuchonga anachongewa na kaka yake, maana hataki kuonekana ameshika panga. Kwangu mimi wateja wamepungua. Yule aliyenipigia kigelegele sasa hupita upande wa pili wa njia, na sijui ananiogopa mimi au anajiogopa mwenyewe. Mzee Charo anatembea kwa bakora na kandambili alizozipasua mbele. Tukikutana ukumbini, kila mmoja anasubiri mwenzake apite.

Polisi waliwakamata wawili wa lile kundi, akiwemo yule aliyekupiga shingoni. Kesi inasikizwa Jumatatu na mimi ni shahidi.

Ndiyo maana nimekuandikia. Jana Mzee Charo alikuja mlangoni kwangu na wazee wenzake wawili wa kanisa. Walikaa, wakaomba, wakasema maneno mazuri juu yako. Kisha wakaniomba niseme habari za wale vijana tu, na mambo ya Katana niyaache, kwa kuwa kulikuwa na vumbi, watu walikuwa na uchungu, na hakuna aliyejua anampiga nani. Mzee akaongeza, kwa upole kabisa, kwamba nikitaja jina lake nitafute chumba kwingine. Nilimuuliza kama alisikia Katana akimwita. Akatazama sakafu, akasema hakusikia.

Nilimwendea Katana. Yeye hataki kumshtaki mtu. Anasema amechoka, anataka kuuza madafu yake kwa amani. Lakini hakunikataza. Alinishika mkono tu, akaushikilia kwa muda, kisha akamgeukia mteja.

Basi, Kadzo, lala. Ulinituma ukiwa na pumzi chache, nami kazi ile sijaimaliza. Jumatatu nitasimama nieleze habari zako kwanza, jinsi ulivyokuja na jinsi walivyokukata. Kisha nitaeleza yaliyompata Katana, na aliyempiga nitamtaja kwa jina lake, naye akiwa ameketi pale ananitazama. Nitasema kwamba aliitwa mara mbili. Nikirudi nikakuta vyombo vyangu vimetolewa nje, nitaviokota nianze kutafuta chumba.

Ni mimi,
Mbodze