Akello, Hukuharibu Kitu

Dada yangu Akello,

Mpaka leo nikipanda zile ngazi za ofisi nategemea kukukuta kwenye kiti chako. Watu wananiambia nitazoea. Sijazoea. Nimebaki nimeduwaa, kana kwamba ile Jumatatu haijaisha, na nimeona afadhali nikuandikie kwa lugha yetu sisi wawili, Kiswahili. Mimi nilikuja nacho kutoka Busia, upande wa Kenya. Wewe ulikiokota kambini, ulikokulia na baba yako mwanajeshi.

Nilipofika Old Kampala nilikukuta pale ofisini, juu ya duka la vitambaa, umeketi mbele ya seva, unakula muhogo wa kuchemsha. Niliogopa hata kugusa kibodi. Ukaniita, "Wewe Mukenya, kuja hapa. Hii kitu haiumi mutu." Ukanieleza kwamba ndani ya mashine ile moja mlikuwa na kompyuta nyingi zisizoshikika kwa mkono, kila shule tuliyoihudumia na yake. Kila moja ilikuwa na diski yake, volyumu, na volyumu zote zilikaa mahali pamoja palipoitwa puli. "Puli ni stoo," ulisema. "Volyumu ni magunia. Usichanganye stoo na magunia, utalia."

Kisha ukaandika amri ya kusimamisha puli, nami nikaona neno "destroy" kwenye skrini. Nikaruka kitini: "Banange! Unaangamiza kazi ya watu!" Ulicheka mpaka ukashika tumbo. "Mwenye alichagua hii neno hana huruma. Inafunga mulango ya stoo tu. Magunia iko ndani."

Jumamosi ya kabla ya Jumatatu ile shule zilikuwa zimefunga kwa wikendi, ukabaki peke yako kukagua diski kubwa iliyobeba stoo yote. Nilipokuaga ulikuwa umejishika paji la uso. "Kichwa inagonga," ulisema. Nikataka kubaki nawe. Ukanifukuza kwa mkono: "Enda, enda. Namaliza saa hii hii."

Jumatatu nilisikia simu zinalia kabla sijafika mlangoni. Shule zilikuwa zinangoja ripoti za mwisho wa muhula, na hakuna kompyuta hata moja iliyokuwa inawaka. Bosi wetu alikuwa amefungua puli mwenyewe. Ilikuwa tupu kabisa. Nakala ya akiba tuliyokuwa nayo ilikuwa ya mwezi uliopita, yaani alama zote za mitihani hazikuwamo. Akarudi nyuma kwenye amri zilizoandikwa Jumamosi, akakutana na jina lako, na mbele yake neno lile.

"Destroy!" alipiga kelele. "Muone! Ameandika na mukono yake! Akello ametuua!"

Simu yako ilikuwa imezimwa. Kwake huo ukawa ushahidi wa pili. Ulikuwa umekula na kunywa na mtu huyu miaka mingi, ulimfundisha mtoto wake hesabu, na ilimchukua muda mfupi tu kukuita mhalifu. Nilimwambia, "Bosi, hiyo amri haifuti kitu. Inasimamisha tu." Hakunisikia. Alikuwa tayari anaongea na polisi.

Nikaketi kwenye kiti chako. Nilikagua nikaona kwamba ile diski kubwa haikuwa imeunganishwa. Ulikuwa umeitoa ili uikague, ukaishia hapo. Bosi alipoiwasha puli, aliiwasha juu ya folda tupu, ndiyo maana hakuona kitu. Nikaisimamisha puli kwa neno lile lile. Nikaiunganisha diski, nikaiwasha tena puli, nikaomba inionyeshe volyumu.

Akello, zilikuwepo zote, shule baada ya shule. Nikaanza kuziwasha kompyuta.

Hapo ndipo viatu vizito vikasikika kwenye ngazi, na askari polisi akaingia. Bosi akamkimbilia.

"Afande, asante kuja haraka. Ni mwanamuke, jina yake Akello. Ameharibu kazi ya mashule yote, sasa amekimbia."

Yule askari alivua kofia.

"Akello ni dada yangu," alisema. "Aliangukia mulangoni kwake Kisugu, Jumamosi jioni. Hakuamka tena. Jana amekufa. Simu yake ilikufa charge, sikujua namba ya hapa. Nilikuja kuambia nyinyi."

Nyuma yangu kompyuta zilikuwa zinawaka moja baada ya nyingine, na simu za shule zikaacha kulia, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti chako nisijue nifanye nini na mikono yangu. Wakati wanakutafutia pingu, ulikuwa umelala mochwari.

Tulikusindikiza hadi kwenu Lira. Bosi alikuja, akalia kuliko watu wa ukoo, na sijui kama alikulilia wewe au alijililia mwenyewe. Sijamuuliza. Bado tunafanya kazi pamoja, na kila nikimwona nashangaa upya: kumbe mtu anaweza kuharibiwa jina lake asubuhi moja, naye hayupo kujitetea.

Siku ya mazishi, kabla usiku haujaingia, mama yako akanishika mkono akanivuta pembeni. Alikuwa amesikia minong'ono. "Mutoto yangu," aliniuliza, "ile Jumatatu, kazini kwenu walisema nini juu ya Akello?"

Nikamwangalia usoni, Dada. Nikamwambia, "Mama, walikuwa wanamtafuta."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeridhika. "Walimupenda," akasema.

Pumzika, dada. Kazi yako iko salama.

Ni mimi mdogo wako, Mkenya wako,
Nekesa