Asubuhi ya Tetemeko

Baba Generoza,

Ugali na mlenda nimefunika. Usikae karibu na ukuta wa jikoni, umepasuka. Vyungu vya rafuni nimevishusha, kama ulivyotusomea nyumba kumi zote ile karatasi ya serikali.

Karatasi hiyohiyo, bwana balozi, ilisema watoto watolewe kwanza. Leo ardhi ilipotikisika, ulichoropoka umekumbatia redio. Generoza nilimbeba mimi, vumbi likitumwagikia.

Tunakwenda Ushirombo kumtazama mama. Nyumba yake ya matofali mabichi inanitia hofu. ~~Haturudi.~~ Tutarudi Jumapili baada ya misa. Usiku lala nje, nakuomba.

Ninapoandika hapa, mwanao ananiuliza: tetemeko likirudi, baba atabeba nani?

Nijibu nini?

Mama Generoza